Mtani wa Darasa la Tano

Yombo Vituka,
6 Agosti 2024

Shikamoo Mwalimu Cyprian,

Natumaini Pugu hamjambo, na migomba yako inavumilia kuhutubiwa kila asubuhi. Mie Mwajabu, yule wa Kiswahili darasa la tatu, uliyekuwa ukimwambia kwenye chai ya saa nne kwamba Wazaramo wote wangeuza shule hii ili wapate pesa ya kukodi ngoma.

Ulipostaafu uliliacha Darasa la Tano B bila mwenyewe. Mwalimu Mkuu mpya, Mwalimu Elibariki, aliingia ofisini akauliza nani atachukua Kiingereza. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mie nilikuwa na andazi mdomoni, sikuwahi kujitetea, akasema, "Haya, Mwalimu Mwajabu amekubali." Ndiyo nimekuwa mrithi wako.

Mwalimu, vivumishi vitaniua. Kwa Kiswahili mtu mrefu, kamba ndefu, kisima kirefu, mlima mrefu, tumemaliza kwa neno moja tukaenda kula. Hawa Waingereza kila kitu kirefu wamekipa neno lake. Jana niliwaambia watunge sentensi. Raudha akaandika kwamba kisima cha kwao ni "tall". Suhaib akaandika bibi yake ni "long". Halafu darasa karibu lote likaandika "My teacher is boring". Nilikaa chini, Mwalimu. Nilipowauliza nimewakosea nini, wakashangaa. Kumbe walitaka kusema mwalimu wao anaonekana amechoshwa na maisha. Walikuwa wananihurumia.

Na kila nikikosea, kuna sauti nyuma inasema, "Lakini Mwalimu Cyprian alisemaga hivi." Siwalaumu. Miaka yote niliyofundisha chumba cha jirani, ulipokuwa unawasomea hadithi kwa Kiingereza nilikuwa nawapa wangu zoezi la kimyakimya ili nikusikilize ukutani. Nusu sikuielewa. Niliipenda tu ile sauti.

Nisaidie. Umegoma kutumia simu kwa sababu, ulisema, inamsahihisha mtu kabla mwalimu hajaliona kosa. Basi hii ni ya mkono, na makosa yote ni yangu. Atakuletea jirani yako, Mwalimu Asifiwe.

Mtani wako,
Mwajabu Mbwana


Pugu Kajiungeni,
8 Agosti 2024

Kwako Mzaramo,

Marahaba. Nimepokea barua yako na nimeisoma kwa kalamu ya kijani, kama ilivyo desturi yangu. Nakurudishia na nakala yenye masahihisho. Usilie.

Babu zangu Wanyamwezi walibeba mizigo kichwani kutoka Tabora mpaka kwenu pwani, wakawakuta babu zako wamelala chini ya mnazi wakisubiri dafu lianguke lenyewe. Tangu siku hiyo sisi tunabeba, nyinyi mnatazama. Sasa leo mzigo wa Kiingereza umewekwa kichwani kwa Mzaramo! Nimecheka mpaka mume wa Asifiwe akaja kuchungulia kama nimepatwa na degedege.

Haya, shika dawa. Andika maneno ubaoni mawili mawili, yale yanayofanana sura. Wanakili, wakariri, kesho uwaulize kabla hawajakaa. "Interesting" ni kile kinachovutia, "interested" ni yule aliyevutiwa. "Boring" ni mwalimu anayechosha, "bored" ni mwanafunzi wake. "Sensible" ni mwenye busara, "sensitive" ni mwepesi wa kuumia moyo. Hili la mwisho liandike kwa wino mwekundu ulibandike juu ya kitanda chako, maana wewe ni la pili.

Jozi moja kwa siku, usiongeze. Nimefundisha hivyo maisha yangu yote, na hakuna mtoto aliyekufa.

Mpagazi wenu,
Cyprian


Yombo Vituka,
15 Agosti 2024

Shikamoo Mwalimu,

Dawa yako nimeitumia. Wamekariri. Ukimwamsha Suhaib usingizini atakutajia jozi zote bila kupumua. Lakini nikiwapa sentensi yenye nafasi iliyo wazi, wanachagua kama mtu anayechagua kiatu gizani.

Jumatatu nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Wakati wa mapumziko nikakaa barazani nikawatazama wakicheza. Raudha ni Mzaramo mwenzangu, na Suhaib mama yake ni wa Tabora. Basi walikuwa wanagombea kipande cha muhogo. "Mnyamwezi wewe, huu si mzigo, utaubebea wapi?" "Nyie Wazaramo muhogo mnauweza nyie? Mnaujulia kuula tu!" Wanatukanana, wanacheka, na kila mmoja anajua vizuri kabisa kipi ni chake na kipi ni cha mwenzake. Nikasimama pale pale barazani. Nadhani nilipiga makofi.

Kesho yake nilikata makasha ya sabuni, nikaandika neno moja kila kipande, nikawavalisha shingoni kwa uzi. "Tall" na "deep" watani. "Sick" na "ill" watani. "Alone" na "lonely" watani. Nikiweka sentensi mezani wanaigombea, na anayeitaka lazima amtukane mwenzake kwa Kiingereza na aseme kwa nini si yake. Nilipoweka kisima, Raudha, aliyekuwa "deep", alimwambia "tall": "Go away, you are for men and trees! Enter my well and nobody will see your head!" Mwalimu, yule ndiye aliyeandika kisima chao ni "tall" wiki iliyopita. Nilitaka kumbusu.

Kelele ni nyingi, sikufichi. Mwalimu Mkuu alipita dirishani, akasimama, akatazama watoto wanatukanana kwa Kiingereza huku wamevaa maboksi, akaenda zake. Yeye ni Mmeru, katoka Arusha juzi tu. Uso wake sikuupenda.

Sasa nakuuliza jambo, na nakuomba unijibu kama mwalimu kwa mwalimu. Weka pembeni ngoma, weka pembeni dafu. Je, hii kazi naiweza au siiwezi? Kiingereza changu unakijua kilivyo. Ukisema siiwezi nitarudi la tatu na sitakununia. Ila nataka niisikie kwako, bila utani.

Mwajabu


Pugu Kajiungeni,
17 Agosti 2024

Mzaramo,

Marahaba. Mzaramo anamwomba Mnyamwezi amjibu bila utani! Hapo ndipo nilipojua dunia inaisha, nikaenda kumwagilia migomba ili itukute imeshiba.

Umechukua somo la heshima, ukalivalisha boksi la sabuni, ukaligeuza mdundiko. Nilijua tu. Nyinyi hata mkipewa hesabu mtaitafutia ngoma. Kitakachofuata ni Mwalimu Mkuu kuitwa kutunza wachezaji.

Kesho Jumapili mtoto wa Asifiwe anapata kipaimara hapa, na Mwalimu Mkuu wenu amealikwa. Mimi nitakuwa karibu na sufuria la pilau, mahali pangu pa siku zote. Nitamsalimia kwa niaba yako, maskini, ana kazi kubwa na shule yenye Mzaramo.

Masahihisho yako yapo nyuma ya karatasi. Yamepungua. Labda umebanwa na kazi ukaandika maneno machache.

Cyprian


Yombo Vituka,
20 Agosti 2024

Shikamoo.

Jana Mwalimu Mkuu aliniita ofisini. Aliniambia kwa upole sana, na ule upole ndio ulioniumiza. Kuanzia Jumatatu ijayo Tano B inakwenda kwa Mwalimu Fredrick, kijana, katoka chuo mwaka jana. Nikauliza kosa langu. Akasema, "Mwalimu Mwajabu, si mimi. Nilimuuliza Mwalimu Cyprian kwenye kipaimara, kwamba unaendeleaje na darasa lake. Yeye mwenyewe akaniambia, tena mbele ya watu: 'Mzaramo afundishe Kiingereza? Kamwondoe kesho asubuhi kabla hajawafundisha watoto kulala!' Mzee yule analijua darasa kuliko sote. Nisimsikilize?"

Nilicheka, Mwalimu. Nilimwambia yule ni mtani wangu, hivyo ndivyo tunavyoongea. Akanitazama kwa huruma. Kwao utani wa namna hii hawaujui, na ni kweli nilivyokuwa namweleza ilionekana kama najikosha.

Nilirudi nyumbani nikazitoa barua zako zote mbili. Nilikuwa natafuta mahali uliposema naweza, nikate nimpelekee. Hata sentensi moja tu. Hamna. Nilikuomba, tena nilikuomba kwa heshima, ukanipeleka kwenye migomba. Sasa na mimi sijui. Labda Mwalimu Mkuu ndiye aliyekusikia vizuri, na mie ndiye niliyekuwa najidanganya kwamba ni utani.

Nimemwambia sawa. Maboksi nimeyakusanya. Raudha kaniuliza kesho atakuwa neno gani, nikamwambia kesho ni marudio.

Asante kwa masahihisho yote.

Mwajabu Mbwana


Pugu Kajiungeni,
21 Agosti 2024

Mwajabu,

Asifiwe amenikabidhi barua yako saa kumi na moja jioni na hakuondoka mpaka nilipoimaliza. Alikuwa amenikunjia uso kama mimi ndiye niliyemfukuza mwanawe shule.

Maneno yale niliyasema. Nilikuwa na sahani mkononi, watu wamejaa, na Asifiwe na mumewe na wale Wasukuma wa nyumba ya pili wakacheka, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba mtu hamtukani hivyo ila yule anayemwonea fahari. Mwalimu Mkuu hakucheka. Nikadhani ana nyama kwenye jino. Mzee wa umri wangu nilipaswa kutazama namwambia nani.

(Hapa nilikuwa nimeandika kitu kuhusu Wazaramo na ngoma. Nimekikata, utakiona.)

Kesho nakuja shuleni kumweleza. Usikabidhi darasa.

Cyprian


Yombo Vituka,
23 Agosti 2024

Shikamoo Mwalimu,

Jana ulifika na suti, jua la saa saba, na viatu ulivyovaa siku ya kuagwa. Walimu wote walitoka nje kukusalimia. Watoto wa Tano B walikuona dirishani, Mwalimu Fredrick, aliyekuja kuwazoea kabla ya Jumatatu, akashindwa kuwarudisha kwenye viti. Mie nilijifanya nasahihisha madaftari, nimeyashika juu chini.

Ulipoondoka Mwalimu Mkuu aliniita tena. Nakuambia alichosema kwa sababu hutakisikia kwake. Alisema, "Jumapili mzee alisema uondolewe. Leo amesema usiondolewe. Jumapili alikuwa na watu wake, anakula, amestarehe, nadhani ndipo alipokuwa mkweli. Leo amekuja kwa huruma, amesikia umeumia." Ukicheka sitakusamehe.

Lakini si mtu mbaya. Amesema haamini tena mdomo wa mtu, ataamini macho yake. Jumatatu kipindi cha pili nifundishe, yeye atakaa nyuma. Akiridhika darasa langu, asiporidhika la Fredrick, na yameisha. Anataka na wewe ukae naye ili baadaye kusiwe na maneno.

Nimefurahi na nimeogopa, na niseme ukweli, simwogopi yeye. Yeye nikikosea hatajua kila kosa. Wewe utayajua yote. Nitakuwa nafundisha huku nasikia kalamu ya kijani inakwaruza.

Njoo. Ila iache kalamu nyumbani.

Mwajabu


Pugu Kajiungeni,
27 Agosti 2024

Mpendwa Mwalimu Mwajabu,

Jana ulikuwa umewapa watoto uso na sisi wa nyuma mgongo, kwa hiyo kuna mambo hukuyaona. Nataka kukuandikia nilichokiona. Naandika polepole, maana mkono wangu umezoea kukuandikia namna nyingine.

Mwanzoni chaki ilikatika mara mbili. Mwalimu Mkuu aliandika kitu kwenye karatasi yake. Uliposema "more taller" niliuma ulimi. Mtoto mmoja, simfahamu, mwembamba wa dirishani, akanyoosha kidole akakusahihisha, na wewe ukamwambia asante, ukafuta, ukaendelea. Sikuwahi kuona hilo kwenye chumba kile. Enzi zangu, mtoto angeniona nimekosea angetazama chini, na mimi ningeendelea kama vile Waingereza wenyewe ndio waliobadilisha lugha asubuhi ile.

Halafu watoto wakavaa maboksi. Nilijua habari yake kwa barua yako na niliicheka, lakini sikuwa nimeiona. Yule "lonely" aliposimama mbele ya "alone" akamwambia kwa Kiingereza, "You can be happy in your room, me I am sad even in Kariakoo," Mwalimu Mkuu aliacha kuandika. Mimi neno hilo nilikuwa nalifundisha kwa tafsiri yake ubaoni. Mtoto yule analijua kwa maisha yake yote sasa, na amelijua akicheka.

Kisha Mwalimu Mkuu akasimama. Najua uliona akisimama, lakini hukumwona Fredrick mlangoni amekunja mikono. Mwalimu Mkuu akakuuliza mbele ya darasa tofauti ya "historic" na "historical". Hukuwa umeiandaa jozi hiyo, nilijua, sikuwahi kukupa. Nilikuwa tayari nimeanza kunyanyuka nikuokoe. Ukasema, "Sijui, Mwalimu Mkuu." Halafu ukawageukia watoto kwa sauti ile ile, haikushuka hata kidogo: "Darasa, mimi sijui. Nani ananisaidia tutafute?"

Mwajabu, vidole vyote vikaenda juu. Vyote. Wakaivamia kamusi kabatini, kamusi yangu, ambayo enzi zangu nilikuwa naifungia. Raudha akaikuta "historical", jambo lolote la zamani. Suhaib akaikuta "historic", jambo kubwa lisilosahaulika. Ukawaandikia maboksi mapya hapo hapo, wakaanza kugombea. Suhaib akachukua siku ya uhuru. Raudha akachukua picha za Wajerumani wa kale na sufuria la bibi yake. Na Mwalimu Mkuu, amesimama bado, akajikuta anamsaidia Raudha kutukana.

Nimesimama mbele ya watoto tangu nikiwa kijana mwenye nywele. Sijawahi hata siku moja kusema "sijui" darasani. Nisipojua nilikuwa nakohoa, natafuta mtoto wa kumkemea, kengele inalia. Watoto waliniheshimu na waliniogopa, na mimi nikadhani vile viwili ni kitu kimoja. Jana nimeona darasa linalomheshimu mwalimu wake bila kumwogopa, na nimeona aibu kidogo, na furaha iliyozidi ile aibu.

Uliniuliza kama kazi hii unaiweza. Nilikwepa kwa sababu kwetu mtani hasifiwi. Baba yangu alikuwa na mtani wake Mzaramo huku pwani, walitukanana hadi uzeeni. Siku aliyozikwa yule mtu ndipo baba alipomsifu, akiwa amesimama ukingoni mwa kaburi, tena alianza kwa tusi. Nilidhani ndivyo upendo wa watani unavyotakiwa kuwa. Lakini wewe uliniomba jibu ukiwa na shida nalo, na mimi nilikuwa nalo, nikalikalia.

Basi jibu ni hili. Unaiweza. Kiingereza changu ni kizuri kuliko chako na kitaendelea kuwa hivyo kwa miaka mingi, lakini wewe ni mwalimu mzuri kuliko nilivyowahi kuwa mimi. Ningekuwa na mjukuu wa darasa la tano ningempeleka Yombo kila siku kutoka huku Pugu, hata kama angefika saa nne. Sauti yangu uliyokuwa unaisikiliza ukutani ilikuwa ni sauti tu. Jana nimesikia darasa.

Hakuna utani katika barua hii. Mwonyeshe Mwalimu Mkuu ukitaka, au usimwonyeshe.

Cyprian


Yombo Vituka,
29 Agosti 2024

Shikamoo Mwalimu wangu,

Darasa ni langu. Mwalimu Mkuu amesema mbele ya ofisi nzima, na amemwambia Fredrick aje akae nyuma kwangu Jumatano. Halafu akaniuliza kama bado umenichukia au ile ilikuwa utani. Sasa hivi hakubaliani na neno la mtu yeyote mpaka amuulize kwanza Asifiwe hawa wawili ni watani au siyo. Jana mpishi alimwambia chai imeisha, akaenda kuuliza.

Barua yako sijamwonyesha, wala sitamwonyesha. Niliisoma nimesimama jikoni, maharage yakaungua, mume wangu akaja kuuliza nani kafa. Nikampa aisome mwenyewe. Akaisoma akaenda kukaa nje.

Mwalimu, nikuambie kwa nini nililia. Marehemu mama yangu alikuwa kungwi. Wanawali wa Yombo hii, wa Buza, mpaka wa Kitunda, yeye ndiye aliyewafunda, wengine leo ni bibi za watu. Alikuwa anawafundisha kwa nyimbo na kwa mzaha, mtoto akitoka ndani anajua kila kitu na hajui alifundishwa saa ngapi. Mie nimefundisha maisha yangu yote nikidhani namwiga yeye vibaya. Na kwa miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno. Walimpa doti ya khanga, walimpa chakula, walimtania. Siku ya hitma yake wakasimama mmoja mmoja, watu wazima na heshima zao, wakasema hawajaona mwalimu kama yule. Ua lilijaa mpaka barabarani. Nilikaa kwenye jamvi nikawa nawasikiliza, na mama yuko makaburini, hasikii.

Mie nimesikia, Mwalimu. Asante.

Mwanao na mtani wako,
Mwajabu